Kabla Uunde Ndai ya Safari, Mjue Shekhar Mehta

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaounda magari madogo ya plastiki hapa Kaloleni, najua kilicho kwenye rafu yako. Skyline. Supra. Labda Subaru iliyoshushwa hadi tumbo linagusa meza, rimu zimepakwa rangi ya dhahabu. Zote zinang'aa. Ni poa. Lakini leo nataka uunde gari chafu, na kabla ufungue gundi, acha nikwambie ni la nani.

Ni la Shekhar Mehta. Alizaliwa Kampala tarehe 20 Juni 1945, kwenye familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa Uganda. Doo haikuwa shida. Akiwa na miaka 21 aliingia kwenye mbio za magari na BMW. Ungemwona siku hizo ungesema huyu ni mtoto wa tajiri anajifurahisha tu. Subiri.

Safari Rally ya enzi hizo haikuwa ile unayoenda kutazama Naivasha. Ilikuwa maelfu ya kilomita, mchana na usiku, wakati wa Pasaka mvua ya masika ikianza. Barabara hazikufungwa, kwa hivyo dereva alikutana na lori, ng'ombe na watu wanaorudi nyumbani. Mwaka 1971 Mehta aliiingia na Datsun 240Z akamaliza wa pili. Aliyeshinda ni Edgar Herrmann, naye akiwa na 240Z vilevile.

Hapo ndipo hobi yako inaingia. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa seti ya hiyo 240Z iliyoshinda 1971, kwa kipimo cha 1/24. Ukimaliza kuiunganisha, gari lote lina urefu wa karibu sentimita 17. Lakini hiyo ni ya Herrmann. Ukitaka ya Mehta, itabidi uigeuze wewe mwenyewe.

Kwa nini ujisumbue? Sikiza kilichofuata. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mehta alikuwa mmoja wa walioacha nchi waliyozaliwa. Akaja Kenya. Pasaka ya 1973, akiwa na miaka 27, alipanga foleni tena na 240Z, mwelekezi wake akiwa Lofty Drews. Huo ndio ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia, na Safari ilikuwa ndani.

Mbio zikaisha na watu wawili wana alama sawa kabisa za adhabu: Mehta, na Harry Källström wa Sweden, naye pia kwa Datsun. Adhabu zilitokana na dakika ulizochelewa kufika vituoni. Fikiria, msee. Maelfu ya kilomita za tope na vumbi, na hawakuachana hata dakika moja. Kanuni za kutenganisha walio sare zikampa Mehta ushindi. Nati moja ingekataa kufunguka wakati wa kubadilisha tairi, leo tungekuwa tunamtaja Källström.

Basi tafuta picha za gari la 1973 na uanze. Mwili mwekundu, boneti nyeusi. Vyuma vya kukinga mnyama mbele unaweza kuvikunja kwa waya wa umeme uliotolewa ganda. Vioo vya taa kubwa vipate mng'ao kwa foili ya pakiti ya sigara. Antena? Chukua ile fremu ya plastiki inayobeba vipande, ipashe juu ya mshumaa, halafu uivute polepole hadi iwe nyembamba kama uzi. Fungua dirisha ukifanya hivyo, moshi wake si mzuri.

Ukichoka katikati ujue hata mwenyewe alipitia ukame. Kuanzia 1974 hadi 1978 hakushinda Safari hata mara moja. Joginder Singh alishinda mbili hapo katikati. Mwaka 1979 Mercedes ilikuja na 450 SLC zenye injini ya lita 5. Mehta na mwelekezi Mike Doughty walikuwa na Datsun 160J ya lita 2. Wakashinda, na Hannu Mikkola wa Mercedes akawa wa pili. Wakashinda tena 1980. Na 1981. Na 1982, wakimwacha nyuma Walter Röhrl, ambaye mwaka huohuo alichukua taji la dunia. Ushindi 5, nne zikifuatana. Kufuatanisha nne hakuna mwingine aliyeweza.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya kwenye mbio za jangwani Misri na uderevu ukaishia hapo. Hakukaa nyumbani kulia. Aliingia usimamizi, akafika kuongoza tume ya mbio za magari ya FIA. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Safari ilikuwa imetoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, na ilirudi 2021. Hakuiona ikirudi.

Sasa ule uchafu. Udongo mweusi wa Eastlands unafaa kwa tope. Vumbi jekundu tafuta upande wa Kiambu. Ukaushe, uutwange, uuchuje kwa soksi ya nailoni, uchanganye na gundi nyeupe yenye maji, kisha urushe kwa mswaki mzee kutoka chini kwenda juu, kama tairi zinavyorusha. Kabla ya hapo, kata karatasi mbili zenye umbo la njia ya waipa, uzibandike kwenye kioo cha mbele. Ukizitoa, utabaki na sehemu safi ambayo dereva aliona barabara.

Weka hiyo ndai kando ya Supra yako. Mtoto wa jirani atauliza kwa nini hujaiosha. Mwambie kuhusu kijana aliyefukuzwa Kampala, akashinda Safari kabla hata mwaka kuisha.