DKT. MARTIN LUTHER (1483–1546): MTUMISHI ALIYETUFUNDISHA KUIACHA MIUNGU YA MOYONI

Utangulizi

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 100 ya Usharika wetu, msomaji atakutana na majina mengi ya wamisionari, wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa walioifanya kazi ya Bwana mahali hapa. Hata hivyo, historia yetu haikuanzia hapa. Wamisionari waliotuletea Injili walitoka katika Kanisa lililokwisha kutikiswa na kutengenezwa upya, na aliyetumiwa na Mungu kulitikisa ni Dkt. Martin Luther. Jina la Kanisa letu limetokana na jina lake, na vijana wetu wa kipaimara hujifunza imani kwa Katekisimo Ndogo aliyoiandika mwaka 1529.

Wengi wetu tunamfahamu Luther kwa hoja zake 95 dhidi ya uuzaji wa vyeti vya msamaha. Jambo hilo ni kweli, lakini ni sehemu tu ya habari. Ukiyafuata maisha yake tangu utoto hadi kaburini, utaona kwamba alishindana na swali moja: moyo wa mwanadamu unamtegemea nani? Kwa maneno mengine, maisha yake yote ni ufafanuzi wa Amri ya Kwanza. Kwa sababu hiyo imeonekana vema kumkumbuka kwa upande huo.

Kuzaliwa na kulelewa

Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483 katika mji wa Eisleben, Ujerumani, akabatizwa siku iliyofuata, ambayo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martin. Ndipo akapewa jina hilo. Wazazi wake, Hans na Margarethe, walihamia Mansfeld, ambako baba yake alijishughulisha na uchimbaji na uyeyushaji wa shaba. Hans alikuwa mtu wa bidii aliyetamani mwanawe awe mwanasheria, akamsomesha Mansfeld, Magdeburg, Eisenach na hatimaye Chuo Kikuu cha Erfurt, alikoanza masomo mwaka 1501.

Wakristo wa siku zile waliogopa sana. Waliogopa tauni, kifo cha ghafula na moto wa toharani. Kila hofu ilikuwa na mtakatifu wake wa kukimbiliwa. Aliyeumwa jino alifunga kwa heshima ya Mtakatifu Apollonia. Aliyeogopa moto wa nyumba alimwita Mtakatifu Laurenti. Aliyeogopa tauni alimwendea Mtakatifu Sebastiani. Wachimba madini walimkimbilia Mtakatifu Anna. Katika hali hiyo Mungu mwenyewe alionekana kuwa mbali, na Kristo alifikiriwa zaidi kuwa hakimu mkali kuliko Mwokozi.

Tarehe 2 Julai 1505 Luther alipokuwa akirudi Erfurt, alikumbwa na dhoruba kali karibu na kijiji cha Stotternheim. Radi ilipopiga karibu naye, kijana huyo wa miaka 21 alimlilia Mtakatifu Anna na kuweka nadhiri ya kuwa mtawa. Tunapaswa kulitafakari jambo hilo. Katika saa ya hatari moyo hutoboa siri yake. Kijana aliyebatizwa, msomi mwenye shahada, alipokiona kifo hakumwita Mungu wake, bali alimwita mtakatifu wa wachimba shaba wa nyumbani kwao.

Miaka ya utawa

Majuma mawili baadaye, Luther aliingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino huko Erfurt, na baba yake akakasirika sana. Mwaka 1507 alipadirishwa. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi kwa saa nyingi, lakini hakupata amani. Kila alipomaliza kuungama alikumbuka dhambi nyingine, akarudi tena. Alipotumwa Roma katika majira ya baridi ya 1510–1511, alipanda kwa magoti ngazi zilizoheshimiwa huko, akisali kila daraja kwa ajili ya roho ya babu yake, na alipofika juu alijawa na mashaka kama jambo lile lilikuwa kweli.

Mkuu wake wa kiroho, Johann von Staupitz, alimwelekeza mara nyingi ayatazame majeraha ya Kristo badala ya kujitazama mwenyewe, tena akamhimiza asomee udaktari wa theolojia. Luther alitunukiwa shahada hiyo Oktoba 1512, akaanza kufundisha Maandiko Matakatifu katika Chuo Kikuu cha Wittenberg. Alifundisha Zaburi, kisha Waraka kwa Warumi. Kwa kuyachimba Maandiko hayo usiku na mchana, hasa Warumi 1:17, alifunguliwa macho. Aliona kwamba haki ya Mungu inayohubiriwa katika Injili si ile ambayo Mungu humhukumia mwenye dhambi, bali ni ile anayompa bure kwa imani.

Baada ya hapo aliyatazama upya maisha yake ya utawa na kugundua jambo lililomshtua. Katika miaka ile yote alidhani anamtumikia Mungu, kumbe alikuwa ameitumainia saumu yake, mkesha wake na uungamaji wake. Baadaye alifundisha waziwazi kwamba kuyatumainia matendo yetu mema ili tumdai Mungu mbingu ndiyo ibada ya sanamu iliyo kubwa kuliko zote. Sanamu ya jiwe hujulikana kwa macho, bali hii hujificha nyuma ya madhabahu.

Vyeti vya msamaha na hoja 95

Mtawala wa Saxony, Friedrich, alikuwa amekusanya masalia ya watakatifu katika Kanisa la Ngome la Wittenberg. Mwaka 1509 orodha yake ilionyesha vipande 5,005. Kufikia mwaka 1520 vilikuwa 19,013. Waumini waliovitazama siku iliyopangwa na kutoa sadaka waliahidiwa kupunguziwa adhabu ya toharani, na hesabu ya miaka iliyoahidiwa ilizidi milioni 1.9. Huko jirani mhubiri Johann Tetzel aliuza vyeti vya msamaha kwa ajili ya ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Nusu ya fedha hizo ililipa deni ambalo Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikopa kwa tajiri Fugger ili apate cheo chake. Washarika wa Luther walipovinunua, waliona hawana haja tena ya kutubu.

Hilo ndilo lililomchoma Luther kama mchungaji. Tarehe 31 Oktoba 1517 alimpelekea Askofu Mkuu barua pamoja na hoja 95, na kwa mapokeo inasimuliwa kwamba alizibandika pia katika mlango wa Kanisa la Ngome. Hoja ya kwanza kabisa ilihusu toba: kwamba Bwana wetu Yesu Kristo ametaka maisha yote ya Mkristo yawe ya kumrudia Mungu. Toba haiwezi kununuliwa mara moja na kufungiwa sandukuni.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Luther alipokea hati ya Papa ya kumtisha, akaichoma moto hadharani tarehe 10 Desemba 1520. Januari 1521 akatengwa na Kanisa. Aprili mwaka huohuo alisimama mbele ya Kaisari Karl wa Tano huko Worms akakataa kuyakana maandishi yake, kwa kuwa dhamiri yake ilikuwa imefungwa na Neno la Mungu. Mtawala Friedrich akamficha katika ngome ya Wartburg, na huko Luther aliitafsiri kwa Kijerumani Agano Jipya, lililochapishwa Septemba 1522.

Wittenberg: sanamu za ukutani na sanamu za moyoni

Luther alipokuwa mafichoni, mambo yaliharibika Wittenberg. Mwenzake wa chuoni, Andreas Karlstadt, aliongoza mabadiliko kwa haraka kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 1522 aliandika kijitabu cha kutaka sanamu ziondolewe makanisani, na baraza la mji likaamuru hivyo. Watu wengine hawakusubiri utaratibu, wakazivunja kwa mikono yao. Waumini wanyonge walifadhaika, na mji ukajaa ugomvi.

Tungeweza kudhani kwamba Luther, adui wa ibada ya sanamu, angefurahi. Haikuwa hivyo. Kinyume cha shauri la mtawala wake, na huku akiwa mtu aliyeondolewa ulinzi wa sheria, aliondoka mafichoni na kufika Wittenberg tarehe 6 Machi 1522. Kuanzia Jumapili, tarehe 9 Machi, alihubiri siku nane mfululizo.

Alifundisha kwamba sanamu si kitu, na ni heri zisingekuwapo mahali zinapoabudiwa. Lakini aliwakumbusha kwamba Mtume Paulo huko Athene, katika Matendo 17, alizungukazunguka katikati ya madhabahu za miungu bila kuvunja hata moja, alihubiri Neno. Aliwaeleza pia kwamba wapo wanaoliabudu jua na mwezi, wala hatuwezi kuviangusha kutoka mbinguni. Mkono unaweza kuiangusha sanamu ya ukutani kwa dakika moja, na ile ya moyoni ikabaki imesimama. Kuhusu mageuzi yote yaliyokwisha kutokea, alisema kwamba yeye alihubiri na kuandika tu, na Neno ndilo lililofanya kazi. Mwishoni mwa juma lile mji ulitulia.

Mafundisho haya yana uzito kwetu. Wengi wa babu na bibi zetu walipobatizwa waliacha hirizi na matambiko. Wako walioziacha kwa sababu walikuwa wamempata aliye mkuu kuliko hizo, na wako walioziacha kwa kumwogopa mzungu, wakazirudia gizani mtoto alipougua. Tofauti haikuwa katika moto uliozichoma hirizi, bali katika Neno lililoingia moyoni au lisiloingia.

Katekisimo na Amri ya Kwanza

Mwaka 1528 Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saxony, akahuzunika kuona kwamba watu wengi, na hata baadhi ya wachungaji, hawakujua Amri Kumi wala Sala ya Bwana. Matokeo yake ni Katekisimo mbili za mwaka 1529. Katika Katekisimo Kubwa aliieleza Amri ya Kwanza kwa namna ambayo Kanisa halijaisahau: chochote ambacho moyo wako unakishikilia na kukitumainia, hicho kwa kweli ndicho mungu wako. Sanamu aliyoitaja kuwa imeenea kuliko zote duniani ni mali. Akaongeza elimu, nguvu, heshima na ukoo. Mwenye navyo hutembea kifua mbele. Akivikosa, hukata tamaa kana kwamba Mungu hayupo.

Na katika Katekisimo Ndogo, alipoeleza Ubatizo, alionyesha njia ya kurudi: mtu wa kale aliye ndani yetu hana budi kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya afufuke kila siku. Kwa Luther, kumrudia Mungu ni kuurudia Ubatizo.

Familia, majaribu na makosa

Tarehe 13 Juni 1525 Luther alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Mungu aliwajalia watoto sita. Elisabeth alifariki akiwa mchanga mwaka 1528, na Magdalena mwaka 1542 akiwa na miaka 13, na baba yake alimlilia kwa uchungu mkubwa huku akimkabidhi kwa Bwana. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther alikataa kukimbia, akabaki na wagonjwa. Aliyekuwa ameilia Anna kwa kuogopa radi sasa aliweza kukaa karibu na kifo, kwa sababu alimjua aliye mshika.

Si haki kuyaficha makosa yake. Katika vita vya wakulima vya mwaka 1525 aliandika maneno makali yaliyohimiza watawala kuua. Mwaka 1543 aliandika dhidi ya Wayahudi maneno mabaya ambayo baadaye yalitumiwa na waovu. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilitamka waziwazi mwaka 1984 kwamba linayakataa. Luther mwenyewe, mwaka 1522, alikuwa amewasihi watu wasijiite kwa jina lake, kwa kuwa si yeye aliyesulubiwa kwa ajili yao. Kumfanya Luther kuwa asiyekosea kungekuwa kusimamisha sanamu nyingine mahali pa zile alizotuonya.

Alifariki Eisleben, mji alimozaliwa, tarehe 18 Februari 1546, akazikwa Wittenberg katika Kanisa la Ngome, palepale yalipokuwa yakionyeshwa masalia. Katika maandishi yake ya mwisho alikiri kwamba sisi sote tu waombaji tu mbele za Mungu.

Hitimisho

Usharika unaotimiza miaka 100 una mambo mengi ya kushukuru: jengo, kengele, kwaya, shule, watumishi. Yote ni vipawa vya Mungu, na yote yanaweza kugeuka kuwa sanamu. Sadaka inayotolewa kwa shukrani ni ibada. Sadaka inayotolewa ili kumnunua Mungu ni cheti cha Tetzel kilichobadilishwa rangi. Mafuta na maji yanayouzwa siku hizi kwa jina la miujiza hayatofautiani sana na masalia ya Friedrich. Na Mkristo anayeimba Jumapili na kumwendea mganga Jumatatu usiku bado yuko Stotternheim katikati ya radi, akiliita jina lisiloweza kuokoa.

Tunapoingia karne ya pili ya Usharika wetu, kila nyumba na ijiulize swali la Amri ya Kwanza: siku ya dhiki tunamkimbilia nani? Mungu wa rehema, aliyemrudisha Luther kwake kwa Neno lake, atujalie sisi na watoto wetu kumrudia kila siku, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.