Fangio: fundi aliyeitwa mwalimu

Kuna neno moja ambalo sisi walimu tumelitumia kwa miaka mingi kuwatishia wanafunzi. Neno hilo ni gereji. Mwanafunzi akishindwa na hesabu, huambiwa kwamba ataishia gereji. Akichelewa kuleta kazi ya ziada, huambiwa vivyo hivyo. Mimi nami nimo katika kundi hilo. Kabla sijajiunga na chuo kikuu, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili, na darasani mwangu alikuwamo mvulana aliyezoea kuchora injini za magari katika kurasa za nyuma za daftari lake la insha. Siku moja niliikata michoro ile kwa wino mwekundu mbele ya wenzake, nikamtabiria kwamba maisha yake yote atayamaliza chali, chini ya magari ya watu. Darasa liliangua kicheko. Yeye hakucheka. Muhula uliofuata hakurudi, na mpaka leo sijui aliko.

Nilimkumbuka mvulana huyo nilipokuwa nikisoma juu ya maisha ya Juan Manuel Fangio, dereva wa Argentina aliyeaga dunia mwaka 1995. Wapenzi wa mbio za langalanga wanamjua kwa mataji yake matano ya dunia. Mimi, ambaye kazi yangu ni lugha, nilivutiwa kwanza na jina lake la heshima. Waargentina, na baadaye ulimwengu mzima wa mbio za magari, walimwita El Maestro. Katika Kihispania, maestro ni mwalimu wa shule, na vilevile ni fundi aliyebobea katika kazi yake. Basi mtu aliyeacha shule akiwa bado mtoto aliishia kuitwa mwalimu. Na gereji, ambayo sisi huifanya mwisho wa walioshindwa, kwake ilikuwa mwanzo.

Fangio alizaliwa mwezi Juni mwaka 1911 katika mji mdogo wa Balcarce, kusini mwa Buenos Aires, katika nchi ya mashamba ya viazi. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, watu wa mkono kwenda kinywani. Baba alikuwa mwashi, na watoto nyumbani walikuwa sita. Alipofika umri wa miaka 13 hivi, Juan Manuel aliacha masomo, akaingia gereji kama mwanagenzi. Huko alifagia, akapangusa grisi, akashika vyombo kwa niaba ya wakubwa wake, na polepole akaanza kuzifahamu injini kama mkulima afahamuvyo udongo wa shamba lake. Alipokuwa na umri wa miaka 16, alikuwa tayari akipanda magari ya mbio pamoja na wateja wa gereji, kazi yake ikiwa ni kuyatengeneza yanapoharibika njiani.

Nje ya gereji alicheza kandanda. Miguu yake ilikuwa na matege, na wenzake wakamwita El Chueco, yaani mwenye matege, jina ambalo hakuwahi kulikataa hata alipokuwa bingwa wa dunia. Katika ujana wake aliugua kichomi kilichokaribia kumwua, akalala kitandani kwa muda wa miezi miwili huku mamake akimuuguza. Alipopona alikwenda jeshini kama ilivyolazimu sheria ya nchi yake, kisha akarudi Balcarce kufungua gereji yake mwenyewe. Alianzia katika kibanda kilichokuwa nyumbani kwa wazazi wake.

Mbio zake za kwanza, mwaka 1936, alizikimbia kwa gari la aina ya Ford lililokuwa teksi. Hakushinda. Wala hakutumia jina lake. Alijiandikisha kwa jina jingine. Ndoto ilikuwapo, ila gari halikuwapo, na katika mchezo huu ndoto isiyo na gari ni sawa na jembe lisilo na mpini. Ndipo ulipotokea mkasa ambao msomaji wa Kenya ataufahamu mara moja, kwa sababu sisi tuna jina lake: harambee. Wakazi wa Balcarce walichanga fedha, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, akanunuliwa gari la Chevrolet. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu aliowatengenezea magari yao, waliomjua mikono yake kabla ya kuujua mwendo wake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mwaka 1940 aliingia na Chevrolet katika mbio ndefu za kutoka Buenos Aires hadi Lima, mji mkuu wa Peru, na kurudi. Safari hiyo ilikaribia kilomita 10,000 na ilichukua wiki mbili hivi, ikipanda na kushuka milima ya Andes katika barabara za mawe, matope na vumbi. Mkenya aliyewahi kusimama kando ya barabara kuyasubiri magari ya Safari Rally, mbio zilizoanza mwaka 1953, ataelewa ugumu wake. Dereva na mwenzake ndio walioshika spana jioni, baada ya kushika usukani kutwa. Dereva asiyejua ufundi angefika wapi? Fangio alishinda, na mwaka huo na uliofuata akawa bingwa wa taifa lake katika mbio za barabarani.

Kisha vita vikuu vya dunia vikamwibia miaka bora ya ujana wake, kwani mbio zilisimamishwa Argentina tangu mwaka 1942 hadi 1946. Wala zilipoanza tena hazikumletea furaha tupu. Mwaka 1948, katika mbio za kutoka Buenos Aires kwenda Caracas, gari lake lilipinduka nchini Peru na rafiki yake Daniel Urrutia, aliyekuwa ameketi kando yake, akafa. Sitaki mwanafunzi asomaye makala haya adhani kwamba ninamsimulia mchezo usio na gharama. Miongoni mwa madereva wa zama zile, ambao hawakuwa na mikanda ya usalama, wengi hawakufika uzeeni.

Alipoanza msimu wake wa kwanza kamili barani Ulaya mwaka 1949, kwa msaada wa chama cha magari cha nchi yake, Fangio alikuwa anakaribia kutimiza miaka 38. Huo ndio umri ambao wanamichezo wengi hutundika viatu. Yeye ndio kwanza anavivaa. Mwaka 1951 alitwaa taji la dunia akiwa na gari la Alfa Romeo. Mwaka uliofuata alifanya kosa ambalo fundi mwangalifu hapaswi kulifanya: aliendesha gari usiku kucha kutoka Paris, akavuka milima ya Alps na kufika Monza, Italia, muda mfupi kabla ya mbio kuanza, akaingia uwanjani bila ya kupumzika. Gari likamshinda, akavunjika shingo, na msimu wake ukaishia hapo. Alirudi mwaka 1953, na kuanzia 1954 hadi 1957 akatwaa mataji manne mfululizo, akiyaendesha magari ya Maserati, Mercedes na Ferrari. Alishiriki mbio 51 za kuwania ubingwa wa dunia, akashinda 24, ambazo ni karibu nusu. Mataji yake matano hayakupitwa na dereva yeyote mpaka Michael Schumacher alipotwaa la sita mwaka 2003.

Takwimu hizo zinatueleza ukubwa wake, lakini hazitwelezi kwa nini aliitwa mwalimu. Ili kulielewa hilo, tutazame mambo mawili.

La kwanza ni la mwaka 1955, alipokuwa katika timu ya Mercedes pamoja na kijana Mwingereza, Stirling Moss. Katika mbio nyingi za mwaka ule, Moss alimwandama Fangio nyumanyuma, gari lake likikaribia kugusa la mkubwa wake, akitazama anapofunga breki, anavyoingia katika kona na anavyotoka. Hilo halikuwa somo la ubaoni, ila lilikuwa somo. Mwezi Julai mwaka huo, katika uwanja wa Aintree nchini Uingereza, mwanagenzi alimshinda bwana wake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sisi walimu tunajua kwamba hakuna cheti kinachompa mwalimu sifa kuliko mwanafunzi anayempita.

La pili ni la tarehe 4 Agosti mwaka 1957, katika uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, wenye kona nyingi na mzunguko wa karibu kilomita 23. Fangio alikuwa na umri wa miaka 46. Wapinzani wake wawili wakuu, Mike Hawthorn na Peter Collins, walikuwa vijana katika magari ya Ferrari, nao walipanga kukimbia mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Fangio na mafundi wa Maserati walipiga hesabu nyingine. Wangeanza na mafuta nusu ya tangi na tairi laini zaidi, ili gari liwe jepesi na lishike barabara vizuri. Angejipatia nafasi ya sekunde 30 hivi, kisha asimame katikati ya mbio atiwe mafuta na abadilishiwe tairi. Hesabu hiyo ilikuwa sawa. Kilichokwenda kombo ni utekelezaji, kwani kazi ya kubadilisha tairi ilikawia, na Fangio akarudi barabarani akiwa nyuma kwa zaidi ya sekunde 40.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomfanya El Maestro. Katika kona kadhaa alitumia gia ya juu kuliko aliyozoea, akijua kwa sikio na kwa mwili mzima injini yake ingestahimili nini. Alivunja rekodi ya mzunguko mara kwa mara, mpaka akafikia kuzunguka kwa sekunde 8 chini ya muda wake mwenyewe uliompa nafasi ya kwanza kwenye mstari wa kuanzia. Karibu na mwisho aliwapita vijana wote wawili, akashinda kwa sekunde 3.6. Ushindi huo ndio uliompa taji lake la tano, na ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika mbio za ubingwa wa dunia. Wahenga walisema kwamba ujuzi hauzeeki. Mwaka uliofuata alistaafu kwa hiari yake, akarudi kwao. Balcarce haikumsahau, wala yeye hakuisahau. Mwaka 1986 ilifunguliwa humo makumbusho yenye jina lake, na alipofariki mwezi Julai mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 84, alizikwa katika mji huo huo uliomchangia Chevrolet.

Sasa nirejee katika lugha. Wahispania wamewaweka mwalimu na fundi katika neno moja. Je, Kiswahili kimewatenganisha? La hasha! Fundi, kufunda, kufundisha, kufunza, mafunzo na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja. Anayefundisha anafanya kazi ya kumfunda mtu, na aliyefundwa akafundika ndiye fundi. Kwa mujibu wa lugha yetu wenyewe, basi, fundi ni mwanafunzi aliyefika. Ni sisi, kwa mitihani yetu na majivuno yetu ya vyeti, tuliomchukua ndugu huyu wa mwanafunzi na kumfanya kinyume chake.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba watoto waache shule kwa sababu Fangio aliacha. Umaskini haukuwa mwalimu wake; ulikuwa kizuizi chake, na bila ya michango ya majirani huenda kizuizi hicho kingemshinda. Kwa kila Fangio mmoja, wako watoto chungu nzima walioacha masomo na wasichangiwe na mtu yeyote. Ninalosema ni kwamba mtoto anayechora injini tayari anasoma, na kazi ya mwalimu ni kulitambua somo hilo na kuliunganisha na mengine. Injini ni fizikia. Hesabu ya mafuta na tairi kule Nürburgring ni hesabu kama hesabu nyingine yoyote.

Nchi yetu imebadilisha mtaala. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi unatutaka tuvitambue na kuvikuza vipaji vya watoto. Lakini mtaala ni karatasi. Mtoto haanzi kwa kuisikia karatasi. Huanza kwa kuisikia kauli ya mwalimu wake. Mwalimu ambaye bado analitumia neno gereji kama kiboko hajabadilisha kitu, hata akihudhuria semina mia.

Yule mvulana wangu sasa ni mtu mzima. Huenda ni fundi hodari mahali fulani, na huenda ndoto yake niliizima siku ile ile kwa kalamu nyekundu. Kwa vile sijui alipo, siwezi kumwomba radhi, ila naweza kuwaomba walimu wenzangu jambo moja. Mtakapokuta injini imechorwa katika kurasa za nyuma za daftari, iwekeni kalamu chini kwanza, kisha mwulizeni mwenye daftari awaeleze inavyofanya kazi.