Bernard Tellegen: Mtu Aliyegeuza Kapasita Kuwa Koili

Kila tunapoandika maisha ya watu mashuhuri huwa tunawaleta wanasiasa, washairi na wakimbiaji. Safari hii tumemchagua mhandisi. Huenda jina lake hujawahi kulisikia, lakini mafundi wa redio hapa Migori, Rongo na kule Homa Bay wamekuwa wakishika kazi ya mikono yake miaka nenda miaka rudi.

Ukimtembelea fundi yeyote aliye na redio kuukuu mezani, mwombe akufungulie mgongo wake. Utaona koili, yaani nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa mara nyingi kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Kisha mwombe afungue mtambo wa kisasa. Koili zimepungua, nyingine hazipo kabisa, na bado mtambo unachagua sauti vizuri tu. Zimekwenda wapi? Jibu linaanzia Uholanzi.

Bernard Tellegen alizaliwa tarehe 24 Juni 1900 katika mji wa Winschoten, kaskazini mwa nchi hiyo. Alisomea uhandisi wa umeme Delft, akahitimu mwaka 1923, na punde baadaye akaajiriwa kwenye maabara ya utafiti ya kampuni ya Philips mjini Eindhoven. Mkubwa wa maabara hiyo alikuwa Gilles Holst.

Siku hizo hakukuwa na transista. Redio zilitumia valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama taa. Valvu ya wakati huo yenye vyuma vinne ndani ilikuwa na ugonjwa mmoja. Elektroni zilipogonga chuma cha mwisho kwa kasi zilibandua elektroni nyingine, nazo zikarudi nyuma kwenye chuma kisichofaa. Sauti ikaharibika. Mwaka 1926 Tellegen, akiwa pamoja na Holst, aliongeza chuma cha tano, wavu wa kuzizuia zile elektroni zisirudi. Valvu hiyo ikaitwa pentodi, kwa kuwa kwa Kigiriki tano ni pente. Kumbe wavu mmoja tu! Redio yenye valvu chache sasa iliweza kusukuma spika na nyumba nzima ikasikia. Mwaka uliofuata Philips walianza kuuza redio zao wenyewe, na hataza ya pentodi ikawaletea fedha nyingi.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Yeye alikuwa na masikio ya ajabu pia. Mwaka 1933, akiwa Uholanzi, alisikiliza stesheni ya Beromünster ya Uswisi. Nyuma ya sauti hiyo akasikia vipindi vya Radio Luxembourg, ingawa stesheni hizo mbili zilikuwa kwenye mawimbi yaliyo mbali kabisa. Sisi wa Migori tulio jirani na Tanzania tunaweza kudhani ni kawaida, stesheni kuingiliana usiku. La hasha! Zinazoingiliana huwa ziko karibu kwenye kipimo cha redio. Hizi hazikuwa karibu. Mwaka 1934 wanasayansi wengine walieleza sababu: mawimbi yenye nguvu ya Luxembourg yalikuwa yakisumbua elektroni zilizo juu angani, na wimbi la Uswisi likipita hapo hapo likabeba alama ya usumbufu huo.

Vita vikaja. Uholanzi ilivamiwa na Wajerumani mwaka 1940. Jumapili tarehe 6 Desemba 1942 ndege za Uingereza zilipiga mabomu viwanda vya Philips pale Eindhoven ili Wajerumani wasivitumie, na raia wengi wa mji walikufa. Mji ulikombolewa Septemba 1944. Tangu mwaka 1946 Tellegen alikuwa pia profesa Delft, akifundisha nadharia ya saketi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Saketi zilikuwa na vifaa vinne ambavyo havikuzi umeme: rezista, kapasita, koili na transfoma. Vyote vinne vina tabia moja. Ukiweka volti mwanzo wa saketi na kupima mkondo mwisho wake, kisha ukabadilishana, ukaweka volti mwisho na kupima mwanzo, jibu ni lile lile. Tellegen aliiangalia orodha hiyo na kuuliza swali ambalo hakuna mteja aliyekuwa amelileta dukani: je, kinaweza kuwepo kifaa cha tano ambacho jibu lake likitoka upande wa pili linageuka ishara, kutoka chanya kuwa hasi, na bado hakili nishati hata kidogo? Hesabu zikamwambia kinaweza. Mwaka 1948 alichapisha makala yake na kukiita jaireta. Jina hilo linatokana na mzunguko. Mnaikumbuka pia ya watoto? Ikizunguka kasi, ukiisukuma mbele yenyewe inaelemea kando. Ndivyo kifaa hiki kilivyo: volti ya upande huu inazaa mkondo upande ule, na volti ya upande ule inazaa mkondo upande huu, ila kwa kinyume.

Faida yake nini? Hebu tukumbuke somo la fizikia. Kapasita ukiisukumia mkondo, volti yake inapanda polepole. Koili ukiiwekea volti, mkondo wake ndio unaopanda polepole. Ni kama mtu na sura yake kwenye kioo, volti na mkondo vimebadilishana nafasi tu. Basi jaireta ikikaa katikati na kubadilisha volti kuwa mkondo, kapasita iliyofichwa nyuma yake itaonekana kwa mbele kuwa koili. Hakuna shaba wala chuma.

Wapo wanafunzi husema hesabu za namna hii ni kupoteza wakati, heri kushika waya. Tusiwalaumu sana, kwa maana mwaka 1948 jaireta ilikuwa kwenye karatasi tu. Pentodi ilitoka kwenye shida iliyokuwa mezani. Jaireta ilitoka kwenye pengo la orodha, ikangoja. Transista zilipopatikana kwa bei nafuu ndipo ikaanza kazi ya kila siku, na mwaka 1969 kampuni ya RCA ya Marekani ikatoa kipande kidogo chenye miguu minane, CA3080. Kipande hicho kinapokea volti na kutoa mkondo. Ukichukua viwili, ukavielekeza kinyume na kuweka kapasita, umepata koili. Zaidi ya hapo, ukibadilisha mkondo unaoingia mguu wa tano, nguvu ya kipande inabadilika. Ukiupunguza nusu kwenye vyote viwili, koili inakuwa kubwa mara nne, na saketi iliyokuwa ikichagua sauti ya herzi 1,000 inashuka hadi 500. Hukugusa bisibisi! Vinanda vya umeme vya miaka ya sabini na themanini vilitumia vipande vya aina hiyo kubadilisha rangi ya sauti.

Angalieni pia ikwaliza ya muziki, ile yenye vitufe vya kuteleza juu na chini. Kuchagua besi ya herzi 60 kwa kapasita ya mikrofaradi 1 kunahitaji koili ya henri 7 hivi, yenye maelfu ya mizunguko na kipande cha chuma ndani. Nani atabeba koili kumi za namna hiyo? Ikwaliza nyingi hutumia jaireta. Tuseme ukweli, koili hii ya kuigiza ina kasoro zake: inahitaji stima yake yenyewe, ina kelele kidogo, na haivumilii mkondo mkubwa. Transfoma ya kijijini itabaki na shaba yake.

Mwaka 1952 profesa huyu alitoa pia kanuni inayobeba jina lake. Zidisha volti kwa mkondo katika kila tawi la saketi, jumlisha, utapata sufuri. Cha kushangaza ni kwamba unaweza kuchukua volti za saketi iliyo Migori na mikondo ya saketi nyingine iliyo Homa Bay, na mradi zimeungwa kwa ramani moja, jumla bado ni sufuri. Mjaribu katika maabara ya shule, betri na rezista zinatosha.

Alistaafu Philips mwaka 1961, akaacha kufundisha Delft mwaka 1966, na mwaka 1973 wahandisi wa Marekani walimtunukia Nishani ya Edison. Kufikia hapo koili zisizo na shaba zilikuwa tayari zinauzwa madukani. Aliaga dunia Eindhoven tarehe 30 Agosti 1990, akiwa na umri wa miaka 90.