John William Colenso (1814–1883): Askofu wa Imani Isiyobagua
John William Colenso, mzaliwa wa Cornwall, Uingereza, aliwekwa wakfu mwaka 1853 kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal. Alijifunza Kizulu, akatunga kamusi yake (1861) na kutafsiri Agano Jipya. Tofauti na wamisionari wengi wa zama zake, alishikilia kwamba mwanamume mwenye wake wengi asilazimishwe kuwaacha ndipo abatizwe, kwani talaka hiyo ingewadhulumu wanawake na watoto. Maswali ya msaidizi wake Mzulu, William Ngidi, kuhusu gharika ya Nuhu yalimsukuma kuvihakiki Vitabu vya Musa kuanzia mwaka 1862. Askofu Robert Gray wa Cape Town alimvua uaskofu kwa kosa la uzushi mwaka 1863. Mwaka 1865 Baraza la Malkia mjini London likabatilisha hukumu hiyo.

Alipomtetea Langalibalele, mtawala wa Wahlubi, mwaka 1874, na kuvilaani vita dhidi ya Wazulu mwaka 1879, walowezi wengi walimtupa mkono. Wazulu, kwa upande wao, walimwita Sobantu, yaani baba wa watu. Kwa Colenso, uhakiki wa Maandiko na utetezi wa haki vilikuwa jambo moja.