Édouard Lucas na Kete za Mabao Manne

Mchezaji wa bao aketiye Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, ana vishimo 32 mbele yake. Akitia kete 1 katika kishimo cha kwanza, 2 katika cha pili, 4 katika cha tatu, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha mara mbili, vishimo 7 vitampa jumla ya kete 127, na vishimo 31 vitampa kete 2,147,483,647. Jumla zote mbili ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hii ya pili ilithibitishwa na Leonhard Euler mwaka 1772. Hata hivyo, si kila idadi ya vishimo huzaa namba tasa. Vishimo 11 huzaa 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Mnamo 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alidai kwamba vishimo 67 huzaa namba tasa, na kadhalika vishimo 127, yaani mabao manne kasoro kishimo kimoja. Uthibitisho hakuutoa. Dai hilo lilimsubiri Édouard Lucas kwa zaidi ya karne mbili.

Lucas alizaliwa Amiens, Ufaransa, tarehe 4 Aprili 1842. Alifanya kazi katika kituo cha unajimu cha Paris, akapigana vita vya 1870 kama afisa wa mizinga, kisha akawa mwalimu wa hisabati katika shule za sekondari.

Kanuni aliyoibuni yaweza kujaribiwa kwa vishimo 7. Anza na 3, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, ubakie na baki tu, kisha rudia. Hupatikana 3, 7, 47, 48, 16, 0. Maadamu sifuri imetokea katika nafasi ya 6, moja pungufu ya 7, namba 127 ni tasa.

Mwaka 1876 Lucas alitangaza kwamba jumla ya vishimo 127, yenye tarakimu 39, ni tasa. Ile ya vishimo 67 aliikana, ingawa hakuweza kutaja namba zinazoigawanya. Zilitajwa na Frank Cole mwaka 1903: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Lucas hakuwahi kuuona ushahidi huo. Katika karamu ya wanasayansi mwaka 1891, chombo kilivunjika na kigae kikamkata shavu. Alifariki kwa maambukizi tarehe 3 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 49.

Namba yake haikupitwa hadi 1951, enzi za mashine zilipowadia. Kanuni yake, iliyokamilishwa na Derrick Lehmer mwaka 1930, ndiyo iliyotumiwa mwaka 2024 kuihakiki jumla ya vishimo 136,279,841, namba tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Kompyuta zilimpita mwalimu huyo kwa kasi, lakini njia zilizopitia ni aliyoifyeka yeye.