Combi: Kipa aliyekaribia kuaga soka, akabeba Kombe la Dunia

AKITAJWA kipa bora wa Italia, wengi hukimbilia jina la Dino Zoff au Gianluigi Buffon. Lakini kabla yao alikuwapo Gianpiero Combi, mlinda mlango aliyekuwa nahodha wa Italia katika fainali iliyoipa nchi hiyo Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, mwaka 1934.

Combi alizaliwa Turin, Novemba 20, 1902, na aliitumikia Juventus ya mji huo hadi alipostaafu. Hakuwa na umbo kubwa, bali alisifika kwa wepesi na ujasiri wa kuwafuata washambuliaji miguuni.

Mwanzo wake katika timu ya taifa ulikuwa mchungu. Aprili 6, 1924, katika mechi yake ya kwanza, Italia ilichapwa mabao 7-1 na Hungary mjini Budapest. Kipigo cha aina hiyo kimewazika makipa wengi chipukizi. Kwa Combi haikuwa hivyo.

Msimu wa 1925/26 alikaa dakika 934 za ligi bila nyavu zake kutikiswa, na Juventus ikatwaa ubingwa. Rekodi hiyo ilidumu miaka 90, hadi Machi 2016 Buffon, naye akiwa Juventus, alipofikisha dakika 974.

Mwaka 1928 alitwaa medali ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam. Kisha Juventus ikabeba ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 1931 hadi 1934. Mbele yake walisimama mabeki Virginio Rosetta na Umberto Caligaris, na mashabiki walizoea kuyataja majina hayo matatu kwa pumzi moja.

Akiwa na umri wa miaka 31, Combi aliamua kutundika daluga. Kocha wa taifa, Vittorio Pozzo, alikuwa amemwandaa Carlo Ceresoli kulinda lango katika Kombe la Dunia, lakini kipa huyo alivunjika mkono mazoezini. Mkongwe akarudishwa langoni.

Haukuwa mzigo mwepesi. Italia ndiyo iliyokuwa mwenyeji, na utawala wa Benito Mussolini ulitaka ushindi ili kujijengea sifa. Italia iliifunga Marekani 7-1, ikatoka sare ya 1-1 na Hispania kabla ya kuishinda 1-0 katika mechi ya marudiano iliyozusha malalamiko dhidi ya mwamuzi, kisha ikaitoa Austria kwa bao 1-0.

Juni 10, mjini Roma, Czechoslovakia ilitangulia kufunga katika kipindi cha pili. Raimundo Orsi, mwenzake Combi wa Juventus, akasawazisha, na Angelo Schiavio akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Katika mechi tano, Combi alifungwa mabao matatu tu.

Fainali hiyo ilikuwa mechi yake ya 47 na ya mwisho kwa taifa. Alifariki dunia Imperia, Agosti 1956, akiwa na umri wa miaka 53.

Ilichukua miaka 48 kabla ya kipa mwingine kulipokea kombe hilo akiwa nahodha. Naye, mwaka 1982, alikuwa Zoff, Mwitaliano wa Juventus.