Joseph Lister na Vijidudu vya Hewani

Joseph Lister alizaliwa Upton, karibu na London, mwaka wa 1827. Alijifunza udaktari, na mwaka wa 1861 akawa mpasuaji katika hospitali kubwa ya Glasgow, nchi ya Uskoti.

Siku zile watu waliiogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Mara nyingi kidonda cha mtu aliyepasuliwa kilioza, akashikwa na homa, akafa. Madaktari wengi walidhani ya kuwa sababu ni hewa mbaya ya chumbani, wala hawakuona haja ya kunawa mikono kabla ya kazi.

Mwaka wa 1865 Lister alipata habari za Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa. Pasteur alichemsha mchuzi katika chupa yenye shingo ndefu iliyopindika. Hewa iliingia, lakini vumbi lilinaswa shingoni, na mchuzi haukuoza. Shingo ilipovunjwa, mchuzi ukaoza. Ndipo Lister alipotambua ya kuwa kiozeshacho si hewa yenyewe, bali ni vijidudu vichukuliwavyo na hewa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule aliletewa mtoto wa miaka 11, aliyevunjwa mguu na gurudumu la gari, na ngozi imepasuka. Kwa desturi mguu wa namna ile ulikatwa. Lister akakifunga kidonda kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kaboliki, na baada ya majuma sita mfupa ulikuwa umeunga. Kabla ya kuitumia dawa hiyo, katika watu 35 waliokatwa viungo walikufa 16. Baadaye, katika watu 40 walikufa 6 tu.

Kisha Lister akatumia chombo cha kunyunyiza kaboliki chumbani mfano wa ukungu, ili viuawe vijidudu vya hewani. Lakini baada ya miaka mingi aliona ya kuwa hatari kubwa zaidi hutoka katika mikono na vyombo. Basi akakiacha chombo kile, na mwaka wa 1890, mbele ya madaktari wa mataifa mengi huko Berlin, alikiri ya kuwa aona haya kwa kuwa aliwahi kukisifu. Sifa yake haikupungua hata kidogo. Alifariki mwaka wa 1912.

Hata leo hewa ya vyumba vya kupasulia husafishwa, na mikono huoshwa kwanza. Nanyi, wanafunzi, naweni mikono, tena fungueni madirisha, kwa maana vijidudu vya kifua kikuu huelea katika chumba kisichopitisha hewa.